VIZIMBA VYA KWARE: HISTORIA YA MRADI ULIOTAKA KULIVUNJA SANDUKU LETU



Kamati ya sherehe ya miaka 10 ilipogawana kazi ya kuandika kijitabu hiki, wenzetu walipewa habari nzuri nzuri: hisa, mfuko wa jamii, ada za watoto. Sisi watatu tukaambiwa tuandike juu ya kware. Baadhi ya akina mama walicheka, na mmoja akauliza, "Jamani, hayo si tulishayazika?" Ni kweli tuliyazika. Lakini wako wanachama waliojiunga baada ya mwaka 2018 ambao kila siku wanaviona vile vizimba vya ghorofa tatu uani kwa mwenyekiti, wanakuzia vifaranga vya kuku humo, na hawajui vilitoka wapi wala viligharimu nini. Waswahili walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi leo tunaeleza vilivyoundwa, na tunaeleza pia yale tuliyoyavunja.

KIKUNDI NA SANDUKU LAKE

Tulianza mwaka 2015, wakati Tunduma ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, makao yake makuu yakawa Vwawa. Tulikuwa akina mama 25: wauza mchele wa Kamsamba, mama lishe wa kwenye maegesho ya malori, wauza mitumba, na wale wanaovuka kwenda Nakonde asubuhi na kurudi jioni. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000. Sanduku lilikuwa la chuma, lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, kama mlijuavyo hadi leo.

Utaratibu huu wa kununua hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mwaka hatukuubuni sisi. Ulianzia kwa akina mama wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Nguvu yake ni kwamba hela ni ya wenyewe. Udhaifu wake ni huohuo: ikipotea, hakuna serikali wala benki ya kulaumu. Imepotea ya jirani yako.

KWARE ALIVYOTUFIKIA

Kware huyu wa kufugwa si yule kwale tunayemwona akikimbia kwenye mashamba ya mahindi. Ni ndege mdogo mno, uzito wake kati ya gramu 120 na 200 hivi, na asili ya ufugaji wake ni Japani. Wajapani walimfuga kwanza kwa ajili ya sauti, wakimweka katika vitundu vidogo na kumsikiliza akilia. Ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo wakaanza kumfuga kwa mayai. Vita Kuu ya Pili ilikaribia kuumaliza ufugaji huo, wakaanza upya na ndege wachache waliobaki na wengine kutoka nchi za jirani. Leo mji wa Toyohashi unajulikana huko kwa mayai ya kware.

Karibu nasi pia kuna historia. Wajaluo wa Siaya nchini Kenya humwita kware wa porini aluru, na tangu zamani wamemnasa kwa ustadi. Hufuma vitundu vya fito, humweka dume ndani, na kuvitundika juu ya mlingoti mrefu ili sauti yake iwaite wenzake kwenye mitego. Kumbe hata kabla ya waya na misumari, mtu na kware walikutana kwenye tundu.

Lakini habari iliyotufikia sisi haikuwa ya Siaya ya zamani. Mwishoni mwa mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014, Kenya ilishikwa na homa ya kware. Watu wakaambiwa mayai yake yanatibu shinikizo la damu, kisukari na maradhi mengine chungu nzima. Foleni zikawa ndefu kwenye ofisi za shirika la wanyamapori la nchi hiyo, KWS, watu wakitafuta leseni ya kufuga. Muda si mrefu kila nyumba ikawa na kware, bei ikaporomoka, na waliokopa wakabaki na ndege wasio na mnunuzi.

Unaweza kuuliza: mlijua hayo, mbona mkaingia? Ndugu msomaji, tulijua nusu tu. Homa ile ilivuka mpaka ikaja Tanzania, na iliyovuka kwanza ilikuwa habari ya bei. Habari ya kuanguka ilikuja nyuma kwa miguu.

ALIYESEMA HAPANA

Mwezi Machi 2016, wanachama watano walileta ombi la kukopa shilingi 160,000 kila mmoja, jumla shilingi 800,000, waanzishe kware kwa pamoja. Hoja zao zilikuwa nzuri. Kware huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba tu, wakati kuku anangojewa miezi. Halitaki shamba; uani panatosha. Na yai lake, ambalo matano ndiyo yanafikia yai moja la kuku, lilikuwa linauzwa bei ya juu kupita hilo la kuku.

Mwenzetu mmoja, muuza mchele, alisimama akauliza swali moja tu: "Nani atakula hayo mayai?" Akaendelea kusema kwamba kila mtu aliyemsikia akisifia kware alikuwa ama anauza vifaranga, ama anauza vizimba. Hakuwahi kukutana na mtu aliyetoka sokoni na kware wa mboga. "Mnauziana ninyi kwa ninyi," alisema.

Tulimcheka. Mmoja wetu tunaoandika hapa alimwambia eti anaogopa maendeleo. Mkopo ukapita kwa mikono mingi.

KIZIMBA CHA KWANZA

Tulinunua ndege 40 kutoka kwa mfugaji mmoja, tukamwita fundi atujengee banda. Fundi alijua kujenga banda la kuku, na sisi tulijua kuagiza banda la kuku. Akatujengea kwa mabanzi, kimo chake karibu mita moja, paa la bati, sakafu ya udongo, na mbele wavu wa kuku wenye matundu makubwa.

Makosa yalikuwa manne, na tunayaandika ili asirudie mtu.

La kwanza, kimo. Kware akishtuka haruki kwa mshazari kama kuku, hupaa wima kama risasi. Kwenye banda la mita moja anapata nafasi ya kushika kasi, kisha anagonga kichwa kwenye bati. Tunduma na honi za malori mnaijua. Wiki ya kwanza tuliokota saba waliopasuka vichwa.

La pili, wavu. Tundu ambalo kuku mkubwa hapiti, kware anapita. Na asipopita yeye kutoka, panya anapita kuingia. Usiku mmoja tulipoteza watano.

La tatu, sakafu. Ndege walilala juu ya kinyesi chao, udongo ukaloa, harufu ikawatoa majirani, na mayai machache ya mwanzo tuliyakuta yamechafuka au yamekanyagwa.

La nne, baridi. Tunduma iko juu, na ikifika Juni na Julai upepo wake si wa mchezo. Wavu ulikuwa upande unaotoka upepo.

Hadi mwisho wa Mei tulibaki na ndege 19. Hela ya sanduku ilikuwa imekwisha kuingia, kurudi nyuma ikawa aibu.

KIZIMBA CHA PILI

Ukombozi ulitoka kwenye kahawa. Mmoja wa wale watano alikwenda msibani huko Mbozi akaona vichanja vya kuanikia kahawa: meza ndefu za miti, juu zimetandazwa wavu mgumu, hewa inapita chini na juu, maji hayatuami. Akarudi na wazo: kwa nini kware wasikae juu ya kichanja?

Tulimtafuta fundi mwingine, kijana wa seremala. Alikaa nasi siku nzima akichora kwa mkaa ukutani. Mwisho akatoa kizimba ambacho ndicho hiki mnachokiona mpaka leo. Vipimo vyake ni hivi:

Kila ghorofa ina urefu wa sentimeta 90 na kina cha sentimeta 60. Kware mkubwa anahitaji nafasi ya sentimeta za mraba 200 hivi, kwa hiyo ghorofa moja inabeba ndege 25 bila kubanana. Ghorofa ziko tatu.

Kimo ni kifupi kwa makusudi: sentimeta 23 nyuma na 30 mbele. Ndege akiruka hapati kasi ya kujiumiza. Kwa ndani, chini ya dari, tulitandika gunia laini.

Sakafu ni wavu wa nusu inchi, uliokazwa sawasawa kwenye fremu ya mbao za paini. Kinyesi kinadondoka kwenye sinia la bati chini yake, linavutwa kama droo kila asubuhi. Samadi ile ilistawisha mchicha wa watu wengi.

Sakafu inainama mbele kidogo, tofauti ya sentimeta 7 kutoka nyuma. Yai likitagwa linabingirika taratibu, linapita chini ya ubao wa mbele na kutulia kwenye mfereji wa nje. Mara ya kwanza fundi aliinamisha zaidi, mayai yakawa yanakuja mbio na kugongana. Ikabidi apunguze.

Chakula na maji viko nje, ndege anatoa kichwa tu. Milango ina bawaba na komeo la waya, maana paka wa mtaani wanajua kufungua kitu chochote kisicho na komeo. Miguu ya kizimba tuliisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu kuzuia siafu. Upande wa upepo tulifunga turubai la kushusha usiku na kupandisha mchana.

Vifaranga walihitaji chumba chao. Kware wa kufugwa amepoteza karibu kabisa tabia ya kuatamia, hivyo mayai tuliyawekea kuku wa kienyeji mwepesi. Kuku mzito huyaponda. Kware huanguliwa siku ya 17 au 18, wakati kuku ni siku 21. Usichanganye mayai ya aina mbili chini ya mama mmoja, ataondoka na waliotangulia. Kifaranga wa kware ni kama nyuki mkubwa. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 35 hadi 37, kisha linapunguzwa taratibu. Tulitumia boksi lenye taa ya umeme, na umeme ukikatika, chungu cha makaa yaliyokwisha kuiva, tukiacha tundu za hewa, kwa sababu hewa ya makaa inaua ndege na watu. Kwenye vyombo vya maji tuliweka vijiwe, kwa sababu kifaranga huyo anazama hata kwenye kisahani.

Mtoto wa mmoja wetu alituletea habari ya kutuchekesha: tarehe 22 Machi 1990 yai la kware liliangua kifaranga ndani ya Mir, kituo cha anga cha Urusi ya Kisovyeti, naye akawa ndege wa kwanza kuanguliwa huko angani. Lakini vifaranga wale walishindwa kutulia, kwa sababu kule hakuna cha kukanyaga. Fundi wetu akasema, "Si nilisema? Kwanza sakafu." Tulicheka mpaka machozi. Zilikuwa siku nzuri zile, na tusiseme uongo kwamba hazikuwapo.

SOKO LILIPOANGUKA

Kwa kizimba cha pili vifo vilikoma. Tulinunua ndege wa kujazia, tukarudi kwenye 40, majike 30 na madume 10. Agosti 2016 wakaanza kutaga. Kwa kuwa siku ya Tunduma ni ya saa 12 tu na kware hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16, tuliongeza taa jioni. Tukafika mayai 24 kwa siku. Kiufundi tulikuwa tumeshinda.

Tatizo, kila mtu alikuwa ameshinda. Mitaani kote, Sogea, Majengo, hadi Mpemba, watu walikuwa na kware. Waliokuwa wakinunua vifaranga sasa walikuwa na vyao vya kuuza. Na waliokunywa mayai mabichi kwa ajili ya sukari na presha waliona sukari iko palepale. Yai la kware ni chakula kizuri, lina protini na madini ya chuma, lakini si dawa ya magonjwa hayo, na mgonjwa asiache vidonge vya hospitali kwa ajili yake.

Oktoba ndipo tulipofanya hesabu tuliyotakiwa kuifanya Machi. Kware mmoja hula gramu 20 hadi 25 kwa siku, kwa hiyo ndege 40 wanamaliza karibu kilo 1. Kwa kilo hiyo tulipata mayai 24, ambayo kwa uzito hayafiki mayai matano ya kuku. Chakula hichohicho kingelisha kuku wa mayai wanane, nao wangetupa mayai sita. Maana yake, siku yai la kware linapopimwa kama chakula cha kawaida, halimshindi la kuku. Faida yetu yote ilikuwa imesimama juu ya uvumi, na uvumi ulikuwa umekwisha.

KIKAO CHA DESEMBA

Desemba 2016 ulikuwa mwezi wa mgao. Wale watano walikuwa wamerejesha shilingi 310,000. Zilibaki 490,000, na riba inaendelea kuhesabika. Sanduku lilipofunguliwa, hela haikutosha.

Kikao kilianza saa 8 mchana, kikaisha giza limeingia. Wapo waliotaka vyombo vya wadaiwa vichukuliwe. Wapo waliosema tuvunje kikundi, kila mtu ashike chake. Mama mmoja alilia kwa sababu mgao ule ndio uliokuwa ada ya mwanawe, naye hakuwahi hata kugusa kware. Na wadaiwa nao walisema neno la haki: mkopo uliopitishwa na mikono ya wote, lawama yake isiwe ya watano.

Tuliamua hivi. Riba ilisimamishwa. Kila mwanachama alipokea mgao pungufu, pengo likaandikwa kwenye daftari kama deni la kikundi kwake. Yule mama wa ada alilipwa chake kwanza, chote. Wale watano wangelipa shilingi 7,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa miezi 14. Kware waliuzwa, wengine wakaliwa. Vizimba vikawa mali ya kikundi.

Walilipa kuanzia Januari 2017 hadi Februari 2018. Mmoja wao aliuguliwa na mume katikati, akashindwa miezi minne. Shilingi zake 28,000 zilitoka kwenye vizimba vilevile, kwa vifaranga vya kuku tulivyovikuza humo wiki tatu tatu na kuviuza. Ndipo tulipogundua kuwa kizimba kilichojengwa vizuri hakimjali ndege gani yuko ndani. Hadi leo vinafanya kazi hiyo, kwa zamu, na wanachama wawili wana kware wachache wa mboga ya nyumbani, si zaidi ya kumi kila mmoja.

TUNALOLIDAI NA TUNALODAIWA

Kutokana na yale, katiba yetu ina vifungu viwili ambavyo wanachama wapya huviona vya ajabu. Kimoja kinasema mradi mpya wowote uanze na theluthi ya mkopo kwanza, hadi mnunuzi wa tatu apatikane ambaye si mfugaji mwenzetu. Cha pili kinasema mwanachama anayepinga ombi apewe muda wa kueleza mpaka amalize, na asichekwe. Sasa mnajua vilitoka wapi. Na kwa anayetaka kufuga kware leo: aulize kwanza ofisi ya mifugo na ya maliasili kuhusu taratibu, asiwachanganye na kuku, na asijenge kabla hajajua atamuuzia nani.

Liko deni moja ambalo halikulipwa kwa shilingi 7,000. Yule muuza mchele aliyeuliza nani atakula hayo mayai alichukua mgao wake pungufu ile Desemba, akaaga, hakurudi. Pengo lake lilipelekwa nyumbani kwake mwaka 2018, akalipokea na kutia sahihi. Tunakutana naye sokoni, tunasalimiana vizuri, lakini mambo ya kikundi hayazungumzwi.

Dada yetu, kijitabu hiki kitakufikia, maana tumeagiza nakala yako ipelekwe kwa mkono. Tunaandika hapa mbele ya wanachama wote: ulisema kweli, na sisi tulikucheka. Mmoja wetu watatu ndiye aliyekuambia unaogopa maendeleo, na ndiye anayeishika kalamu sasa hivi. Tunaomba radhi. Kikao ni Jumamosi kama zamani, saa 9 alasiri, na hisa bado zinanunuliwa.